Albamu ya pili ya Led Zeppelin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana wa magitaa wa Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaopiga gitaa, besi na ngoma hapa Lubumbashi, wengi wao wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na machache yametoka Likasi. Karibu wote walilelewa na sebene, ile sehemu ya kucheza ya nyimbo za Kongo inayoongozwa na magitaa, na nyimbo za kwaya, halafu simu ikawaletea bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, iliyopigwa kwa sauti kubwa na Wazungu wenye nywele ndefu. Ninajibu kama mpigaji mi-solo, gitaa linalokaa kati ya solo na gitaa la mdundo, anayeipenda albamu hii kwa moyo wote.

Ni albamu gani hasa inayozungumziwa hapa?

Inaitwa Led Zeppelin II. Ilitoka Oktoba 1969 kwa kampuni ya Atlantic, ikiwa na nyimbo 9 zinazochukua dakika 41 hivi. Bendi ni ya Waingereza wanne: Robert Plant mwimbaji, Jimmy Page gitaa, John Paul Jones besi na kinanda, John Bonham ngoma. Page ndiye pia aliyeitayarisha. Tazameni umri wao siku ilipotoka: Plant na Bonham miaka 21, Jones 23, Page, mkubwa wao, 25. Albamu ya kwanza walikuwa wameitoa Januari ya mwaka huohuo.

Kwa nini wanamuziki husema albamu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza?

Kwa sababu ya kwanza unaijaza nyimbo ulizozibeba tangu ujana wako. Zimepigwa kila mahali, zimekomaa, unazijua hata usingizini. Ya pili inakukuta huna akiba. Nyimbo zimekwisha, na watu wanataka uwapigie zilezile kila Jumamosi, kwa hiyo hata muda wa kutunga nyingine huupati.

Led Zeppelin walimaliza ya kwanza kwa saa 36 hivi za studio, kwa kuwa nyimbo nyingi walishazizoea jukwaani. Ya pili ilibidi itungwe safarini, vyumbani mwa hoteli, na nyingine zilizaliwa jukwaani penyewe, katikati ya wimbo mrefu, Page akijaribu rifu mpya, yaani msemo mfupi wa gitaa unaorudiwarudiwa, na wenzake wakimfuata. Mimi naamini ndiyo sababu ina nguvu kuliko ya kwanza. Unawasikia watu wanne ambao wamepiga pamoja usiku baada ya usiku mpaka kila mmoja anajua mwenzake atakata wapi. Sifa hiyo haiji kwa pesa za studio.

Tunasikia ilirekodiwa katika studio nyingi. Ilikuwaje?

Ni kweli. Kati ya Aprili na Agosti 1969 walikuwa barabarani Uingereza na Marekani, na kila walipopata nafasi waliingia studio yoyote iliyokuwa karibu. London walifanya kazi Olympic na Morgan. Los Angeles walipita studio kadhaa, New York vilevile, na kuna sehemu zilizofanyika Vancouver, Kanada. Kanda zilisafiri nao. Mdundo ungeweza kuwekwa mji mmoja, sauti ikaimbwa mji mwingine, harmonika ikaongezwa nchi nyingine.

Jambo ninalotaka kila kijana wa hapa alishike ni hili: si studio zote hizo zilikuwa nzuri. Ile ya Vancouver haikuwa hata na mpangilio unaofaa wa vipokea sauti vya masikioni. Moja ya zile za Los Angeles ilikuwa chumba kidogo tu. Na bado albamu inasikika kama imepigwa siku moja, mahali pamoja. Vijana wengi huniambia bendi yao haiwezi kurekodi kwa sababu chumba ni kidogo na maikrofoni ni mbili. Chumba kidogo ni tatizo, sikatai, ila si tatizo la kuwazuia.

Basi nani aliyeyaunganisha yote hayo?

Page pamoja na fundi wa sauti Eddie Kramer, mwana wa Afrika Kusini aliyezaliwa Cape Town mwaka 1942, ambaye alikuwa amefanya kazi na mpigaji gitaa Mmarekani Jimi Hendrix. Walichanganya albamu nzima kwa siku mbili katika studio ya A&R, New York, kwenye meza ya zamani ya kuchanganyia sauti, yenye vifundo vya kuzungusha.

Kuna hadithi moja ya siku hizo ambayo huwa naisimulia kila nikifundisha. Karibu na mwisho wa wimbo wa kwanza, Whole Lotta Love, ngoma na gitaa vinanyamaza na Plant anabaki peke yake. Sikilizeni vizuri: kabla hajaimba mstari, kuna sauti yake nyingine, hafifu, inatangulia kama inatoka mbali. Hiyo ni sauti ya rekodi nyingine iliyovuja kwenye kanda. Kramer alishusha chaneli ile mpaka chini kabisa, ikabaki palepale. Haikuondoka. Kwa hiyo yeye na Page waliiongezea mwangwi wakaifanya sehemu ya wimbo. Leo watu hudhani ilipangwa tangu mwanzo, na mimi naiona kati ya nukta nzuri kuliko zote katika albamu.

Ile sehemu ya katikati ya wimbo huo, yenye milio ya ajabu, ni chombo gani?

Ni theremini, chombo cha umeme kilichobuniwa na Mrusi Lev Termen karibu mwaka 1920. Mpigaji hakigusi, anasogeza mikono hewani mbele ya antena na mlio unapanda au unashuka. Juu yake kuna vilio vya Plant, matoazi ya Bonham, na mikono ya Page na Kramer ikizungusha vifundo ili sauti ihame kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Sikilizeni kwa spika mbili au kwa vipokea sauti; kwa spika moja ya simu nusu ya kazi yao inapotea.

Sisi tuliozoea sebene hatupaswi kushangaa wimbo kuachia maneno na kuingia mahali pengine kabisa. Tofauti ni kwamba sebene hufunguka kwa ajili ya miguu, na huku mdundo unakaribia kupotea, mpaka Bonham anaporudi na ngoma zake kama mlango unaopigwa teke, na gitaa la Page linajibu.

Je, ni kweli waliiba nyimbo za Wamarekani weusi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na lastahili kujibiwa bila kupakwa mafuta.

Maneno mengi ya Whole Lotta Love yanatoka katika wimbo You Need Love, uliotungwa na Willie Dixon na kurekodiwa na mwanabluzi Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, akahamia Chicago, akawa mpigaji besi na mtunzi mkubwa wa kampuni ya santuri ya Chess. Jina lake halikuwekwa kwenye albamu. Alifungua kesi mwaka 1985, ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 1987, na sasa jina lake linaandikwa miongoni mwa watunzi. Miaka 16 ilipita tangu albamu itoke mpaka mzee aende kwa wakili.

The Lemon Song imejengwa juu ya Killing Floor ya Howlin' Wolf, wimbo wa mwaka 1964 ambao gitaa lake la solo ni la Hubert Sumlin. Na Bring It On Home, unaofunga albamu, unaanza na kumalizika kwa wimbo mwingine wa Dixon ambao Sonny Boy Williamson aliuimba, hata harmonika ni ya namna ileile. Kwa nyimbo hizi mbili kampuni iliyosimamia haki za nyimbo za Chess, Arc Music, iliwadai mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wakapatana.

Je, bluzi yenyewe si muziki wa kukopeshana? Ndiyo. Howlin' Wolf alikopa, Robert Johnson alikopa, na mstari mmoja wa bluzi unaweza kupita vinywani mwa waimbaji kumi bila mtu kudai ni wake. Kinachobadilisha mambo ni mauzo. Mstari ukizunguka mabaa ya Mississippi, wote wanabaki maskini pamoja. Ukiingia kwenye santuri inayouzwa kwa mamilioni, yule aliyeandikwa jina analipwa na yule ambaye hakuandikwa halipwi. Rifu ya Page katika Whole Lotta Love ni yake, na ngoma za Bonham hakuna aliyezipiga kabla yake; hayo nayasema kwa furaha. Lakini jina la Dixon lilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, na kuipenda albamu hakunizuii kulisema.

Dixon mwenyewe baadaye alianzisha mfuko wa Blues Heaven kuwasaidia wanabluzi na familia zao kupata haki za nyimbo zao. Alifariki mwaka 1992.

Na sisi tukiupiga wimbo wa mzee Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wetu wa Katanga, kwa magitaa ya umeme, tunaiba?

Kuupiga kwa heshima jukwaani na kutaja ni wa nani, hapana. Huko ni kumtunza. Kuurekodi na kuuza bila kuandika jina lake, ndiyo, mnaiba.

Sheria ya haki za watunzi ya nchi yetu, ile nambari 86-033 ya 5 Aprili 1986, inalinda wimbo muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenda Jean Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Hesabuni wenyewe: haki bado ni hai, na ni za familia yake. Njia ni kuandika jina lake kwenye albamu na kuuliza kwa SOCODA, shirika linalosimamia haki za watunzi Kongo, namna ya kupata ruhusa. Kujibadilishia maneno mawili na kuupa wimbo kichwa kipya hakuufanyi uwe wenu. Ndivyo hasa wale Waingereza walivyofanya.

Muziki huu unatuhusu nini sisi watu wa Katanga?

Unatuhusu zaidi ya wengi wanavyodhani.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta kijana anapiga gitaa kavu, lisilo la umeme, mtaani Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana huyo ni Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, mwenye miaka 22 hivi. Alipiga Masanga, na gitaa moja likasikika kama mawili: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu. Wapigaji gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza wimbo huo mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Julai 1969, kati ya ziara zao, Led Zeppelin walipiga kwenye tamasha la jazi la Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani. Mwezi huohuo, mji huohuo, kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, alipanda Mwenda wetu na gitaa lake. Siku zilikuwa tofauti. Lakini kiangazi kilekile ambacho vijana hawa walikuwa wakibeba kanda za albamu yao ya pili kutoka mji hadi mji, mtu wa Bunkeya alikuwa amekwisha kualikwa huko kwa ajili ya vidole vyake viwili. Kijana wa Katuba akiniambia kwamba gitaa la kweli liko Ulaya, humwambia habari hii.

Tusiisahau karindula pia. Lile pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, linalopigwa kwenye sherehe na matanga, linazunguka juu ya msemo mmoja mfupi kwa muda mrefu mpaka watu wapandwe na mori. Rifu ya bluzi ni jamaa yake. Mtu aliyekulia karibu na karindula ana mwanzo mzuri wa kuielewa Heartbreaker, wimbo mwingine wa albamu hii.

Umeme hukatika karibu kila jioni, na tuna gitaa moja tu la umeme. Tunaweza kuipiga albamu hii kwa gitaa kavu?

Mnaweza, na mtaielewa zaidi. Ramble On inaanza na gitaa kavu hata kwenye rekodi yenyewe, kwa hiyo anzeni nayo. Whole Lotta Love iko katika mi: pigeni rifu kwenye nyuzi nene, karibu na daraja la gitaa ili mlio ukauke, na mnyamazishe nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia. Kwa Moby Dick, uzi wa sita ulegezeni kutoka mi hadi re. Mpiga ngoma akitumia sanduku au pipa, asijaze nafasi zote. Bonham anaogopesha kwa sababu ya pale anaposubiri.

Kitu kimoja msijaribu kukilazimisha kwa gitaa kavu ni solo ya Heartbreaker. Inahitaji nyuzi laini na ampli, yaani kikuza sauti, iliyofunguliwa. Ngojeni umeme urudi.

Vipimo 12 vya bluzi ni nini?

Ni njia ambayo nyimbo nyingi za bluzi hupita. Hesabu vipimo 12, kila kimoja mapigo 4. Katika mi inakuwa hivi: vinne vya mi, viwili vya la, viwili vya mi, kimoja cha si, kimoja cha la, viwili vya mi, kisha unaanza tena. Katika Moby Dick mtaisikia njia hiyo kwa re, sol na la. Ukishaizoea kwa mguu, hutahitaji kuhesabu.

Gitaa na ampli za Page ni zipi?

Albamu ya kwanza aliipiga zaidi kwa Fender Telecaster. Mwaka 1969 alinunua Gibson Les Paul kutoka kwa mpigaji gitaa Mmarekani Joe Walsh, akaiunganisha na ampli za Marshall. Mlio mnene wa albamu ya pili unatoka hapo. Solo ya Heartbreaker, anapobaki peke yake bila ngoma wala besi, ilirekodiwa studio tofauti na wimbo wenyewe kisha ikapachikwa. Ukisikiliza kwa makini utaona mlio unabadilika ghafla.

Mama anasema huu ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?

Usibishane na mama. Kaa naye umsikilizishe Thank You. Ni wimbo wa mapenzi ambao Plant aliuandika kwa ajili ya mke wake, na Jones anapiga ogani ambayo haitakuwa ngeni kwa mtu yeyote wa kwaya.

Hata hivyo mama ana haki mahali fulani. Maneno ya The Lemon Song ni ya chumbani, na hayafai kupigwa mbele ya watoto au wazee. Mimi mwenyewe nikiwafundisha vijana wadogo wimbo huo, tunapiga vyombo tu bila kuimba.

Ule mchoro wa jalada ni wa nini?

Ni kazi ya David Juniper, juu ya picha ya zamani ya marubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, na nyuso za wanabendi zimebandikwa.

Ilipokelewaje?

Ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Marekani iliiondoa kileleni Abbey Road ya The Beatles, na kufikia 1999 ilikuwa imethibitishwa kwa nakala milioni 12 nchini humo. Atlantic waliikata Whole Lotta Love ili itoshe redioni Marekani, ikafika nafasi ya nne, lakini nyumbani Uingereza bendi ilikataa isitolewe peke yake nje ya albamu. Walitaka watu wasikilize albamu yote.

Mega zangu ni chache. Nipakue nyimbo zipi kwanza?

Whole Lotta Love, Ramble On na Heartbreaker, kwa mpangilio huo. Zikibaki mega, ongeza Bring It On Home, na upande wa pili weka Killing Floor ya Howlin' Wolf na Masanga ya Mwenda. Usisikilize Led Zeppelin bila wazee wao.

Bendi yetu imeshatoa albamu ya kwanza. Tuanzeje ya pili?

Msikimbilie studio. Tungeni nyimbo nyingi kuliko mnazohitaji na kuzipiga mbele ya watu kwa miezi kadhaa, kwenye arusi, baa, viwanja vya shule, popote mtakapoitwa. Wimbo unaowafanya watu waache kuongea unabaki. Ule unaopendwa na mpigaji solo peke yake unatoka, hata kama mpigaji solo ndiye mwenye ampli. Mkiingia studio, pigeni ngoma, besi na akompa (gitaa la mdundo) kwa pamoja chumba kimoja, kisha muongeze sauti na solo. Kasoro ndogo zikipendeza ziacheni.

Na nunueni daftari. Siku hiyohiyo wimbo unapozaliwa, andikeni nani alileta rifu, nani maneno, nani alibadilisha mwisho, na kama kuna sehemu mliyoitoa kwa mzee fulani, andikeni jina lake hapo. Wote mtie sahihi. Ugomvi mwingi unaovunja bendi hapa mjini huanza siku pesa ya kwanza inapoingia, kila mtu akikumbuka kivyake. Daftari hilo ndilo mtakalobeba mkienda SOCODA kuandikisha nyimbo.